Maswali yenu: kompresere ya atelye ya nyumbani, nichukue gani?

SWALI: Jambo yaya. Miye ni fundi wa mbao hapa Goma, natumikia kwetu nyumbani Himbi, nyuma ya parseli. Nimechoka kupaka vernii na brosi, wateja siku hizi wanataka kabati isionekane alama hata moja. Nilienda Birere wakanionyesha kompresere mbili (mashine za kusukuma hewa ya kupulizia vernii), moja ya litre 24, ingine ya litre 50, zote shevo 2 (nguvu ya moteri), lakini bei zinaachana sana. Muuzaji anasema ile kubwa njo iko na nguvu. Ni kweli? Na kura (umeme) ya hapa unaijua wewe mwenyewe.
Fundi wa Himbi

JIBU: Ndugu fundi, huyo alikuwa anauza, hakuwa anafundisha. Reservuari, ile tangi ya hewa, ni sawa na bido la maji, bido kubwa haliongezi maji ya robine. Kama shevo ni 2 na pompe ni ile ile, hewa ya kila dakika ni ile ile, tofauti ni kwamba ya litre 50 inakuachia muda wa kupaka mlango mzima mbele presyo haijashuka, na moteri inapata kupumzika. Kwa vernii mimi ningechukua ya 50, lakini siyo juu ya "nguvu".

Kitu cha kuuliza ni litre ngapi kwa dakika, na hapo njo watu wengi wanaangukia, sababu kwenye etiketi wanaandika hewa ile pompe inavuta, siyo ile inatoka, na ile inatoka mara mingi ni karibu theluthi mbili tu. Halafu Goma tuko kwenye metre kama 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo toa tena kidogo. Sasa usibishane na etiketi: mwambie muuzaji aiwashe reservuari ikiwa tupu, shika saa ya telefone. Litre 50 mpaka bari 8 (bari njo kipimo cha presyo) ni litre 400 za hewa. Ikijaa kwa dakika 4, uko na litre 100 kwa dakika, ni ile tu, hata waandike 200. Akikataa kuiwasha, toka.

Ukishajua hiyo namba njo unachagua pistole ya kupulizia vernii, siyo kinyume. Pistole kubwa za HVLP (zile za hewa mingi kwa presyo ndogo) mingi zinaomba litre 300 na zaidi, hiyo mashine yako haitaziweza, utapaka kidogo utangoja sana. Tafuta ndogo inayoomba hewa kidogo, upake polepole.

Kura sasa. Shevo 2 ni kilowati 1.5, hiyo siyo shida, shida ni kuanza, pale moteri inavuta mara tano au zaidi ya kawaida yake, na kama jioni voltaji imeshuka itanguruma bila kuzunguka, ukiiacha hivyo inaungua. Zima haraka, ngoja kura irudi vizuri. Na tafadhali achana na ralonji (waya ya kurefusha kura) nyembamba ya metre 30, weka kompresere karibu na priza halafu urefushe tiyo ya hewa. Kwa grupu (jenereta), ikiwa nguvu yake ni chini ya kVA 4 au 5 usijaribu.

Vumbi yetu nyeusi ya volkano unaijua, inakula pistoni, basi filtri isafishwe kila mara na mashine isikae pale unapiga randa. Toa maji chini ya reservuari kila ukimaliza kazi, na weka filtri ya maji kabla ya pistole, bila hiyo vernii itatoka na vishimo vidogo na utasema vernii ni mbaya.

SWALI: Niko Bukavu, kuna kijana ananitengenezea kompresere ya moteri ya frigo na chupa ya gazi, bei ni nusu. Nikubali?
Mama wa saluni, Kadutu

JIBU: Mama, moteri ya frigo inatoa hewa kidogo na inatupa mafuta ndani yake, kwa kupuliza vumbi inaweza kukusaidia. Ile chupa njo inaniogopesha. Mutu akishaichomelea matundu hakuna anayejua itavumilia bari ngapi, na ikipasuka inapasuka mu saluni yenye watu. Mwambie akutafutie reservuari ya kompresere ya okazyo (iliyokwisha kutumika), yenye etiketi ya bari na valvu ya usalama inayofunguka, isiyokuwa na kutu ndani. Asipoipata, usikubali hata kwa bure.