Kubadilisha plagi za gari (zile za kutoa cheche ya kuwasha petroli) dakika ngapi? Maswali yenu ya wiki hii

Dada mmoja wa Sakina, Arusha: "Fundi mambo, nimepeleka IST kubadilisha plagi, jamaa kamaliza dakika 15 kachukua hela yake. Nimepigwa?"

Poa dada. Kwa muda tu hujapigwa, IST plagi zipo juu kabisa, unatoa kava la plastiki, koili nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zimeshikwa na bolti moja moja ya namba 10, ukishazitoa unaingiza boksi ya plagi, yaani spana yake ndefu, basi. Mi mwenyewe nasemaga nusu saa hadi saa nzima kwa utulivu. Ila kinachonitia shaka ni kingine, si ulifika hapo unaendesha? Sasa injini ilipoa saa ngapi? Hedi yake, sehemu ya juu ya injini plagi zinapofungwa, ni aluminiamu, ukifungua plagi ikiwa bado ya moto uzi wa tundu unaweza kufa, na uzi ukifa ndo utajua plagi zilikuwa bei rahisi. Kwangu gari ikitoka barabarani naiacha boneti wazi hata masaa mawili, wateja wananuna, wengine wanaenda kwa jirani, sawa tu.

Baba mmoja wa Majengo, Moshi: "Alphard ya V6, fundi anataka nimwachie siku nzima. Hanidanganyi?"

Shikamoo mzee. Mwachie tu. V6 ni silinda sita, plagi sita. Tatu za mbele unaziona, tatu za nyuma zimejificha upande wa kabini chini ya manifodi ya hewa (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini), hiyo lazima ifunguliwe na ikirudi inataka gasketi mpya, masaa matatu manne yanaisha hapo bila utani, ukiacha ya kupoa. Wa kumwogopa ni yule anayekwambia nusu saa, huyo atabadilisha za mbele tu akafunga. Dai plagi za zamani ZOTE sita mkononi uzihesabu. Na weka plagi za iridiamu mzee wangu, zinaenda mpaka kilomita 100,000 hivi, za kawaida ni kama 30,000, nani anataka kufungua manifodi kila mara?

Usa River: "Hilux yangu ya dizeli plagi zinachukua muda gani?"

Haina hizo kaka. Dizeli inawaka kwa mgandamizo, ina hita plagi za kusaidia asubuhi ya baridi, hiyo ni habari nyingine.

Mdogo wangu wa Njiro: "Nataka nibadilishe mwenyewe, nikaze kiasi gani?"

Anza na vidole, usianze na spana, plagi ikigoma kuingia irudishe nyuma maana umeikosea uzi. Ikishagusa, kama ni mpya na ina washa yake (ile ringi), ongeza nusu raundi hivi, usiikanyagie kama nati za tairi. Halafu kabla ya yote puliza vumbi kwenye mashimo, vumbi letu la kiangazi unalijua, na ukikuta oili imejaa humo acha plagi kwanza, nunua gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini.