Mwili mzima unauma na vipimo vyote ni sawa: je, ni fibromayaljia?

Barua za mwezi huu zimefanana kiasi kwamba nimeona afadhali nizijibu pamoja. Karibu zote zinaanza na mwili unaouma kila mahali, zinapita kwenye bahasha ya vipimo visivyoonyesha kitu, na zinaishia kwenye jina ambalo msomaji amelisikia kwa ndugu au amelisoma kwenye simu: fibromayaljia, yaani ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yanayoenea mwili mzima. Nimezifupisha barua hizo na kuondoa majina ya walioziandika.

Shikamoo daktari. Nina miaka 38, nafundisha shule ya msingi mkoani Morogoro. Ni mwaka wa pili sasa mwili unaniuma kuanzia shingo hadi nyayo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na nasahau hata majina ya wanafunzi wangu. Nimetibiwa taifodi mara nne. Vipimo vya damu vinasema niko sawa. Je, ndiyo fibromayaljia?

Marahaba, mwalimu. Kwa maelezo yako uwezekano upo, tena si mdogo, ingawa barua peke yake haitoshi kuthibitisha. Fibromayaljia haina kipimo cha damu wala picha inayoionyesha, kwa hiyo majibu yaliyo sawa hayawezi kuikanusha. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa mkono wa daktari. Kwa vigezo vya mwaka 1990, vilivyotolewa na chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya kama kilo 4, yaani mpaka ukucha wake mwenyewe uanze kuwa mweupe, na mgonjwa alitakiwa kuumia katika sehemu 11 au zaidi. Vigezo vya mwaka 2010, vilivyorekebishwa mwaka 2016, vimeacha kutegemea kidole hicho. Sasa tunahesabu maeneo 19 ya mwili na kuuliza ni yapi yaliyouma wiki iliyopita, kisha tunatoa alama kwa uchovu, kwa usingizi usioburudisha na kwa akili inayokuwa nzito, na hali hiyo lazima iwe imedumu kwa miezi 3 au zaidi.

Mimi humpa mgonjwa karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, pamoja na kalamu. Mama mmoja aliyeletwa na binti yake aliweka alama ndogo begani, akasita, akanitazama kama anayeomba ruhusa, kisha akaujaza wino mchoro mzima mpaka karatasi ikatoboka kiunoni. Tundu lile lilinieleza mengi kuliko bahasha nene aliyokuja nayo.

Hata hivyo, kabla ya kulipokea jina hili, fungua bahasha yako uangalie ni vipimo gani hasa ulivyofanyiwa, kwa sababu maneno “vyote ni sawa” mara nyingi humaanisha malaria, mkojo na wingi wa damu tu. Ninachotaka kukiona humo ni homoni ya tezi ya shingo, ambayo ikipungua huleta maumivu, uchovu na usahaulifu kama wako, kipimo cha uvimbe wa ndani ya mwili, yaani ESR au CRP, sukari, figo na ini, na VVU. Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal husoma kinga iliyomo katika damu, na kinga hiyo huweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au chanjo, hivyo taifodi inayorudi mara nne bila homa, na bila damu kuoteshwa maabara, mimi huitilia shaka.

Niliugua chikungunya mwaka 2018 hapa Mombasa. Homa iliisha kwa wiki moja, lakini maumivu ya vifundo vya mikono na miguu hayakuniacha, na sasa mapaja na mgongo navyo vinauma. Ni virusi vimebaki mwilini?

Kuna jambo la kusikitisha katika jina la ugonjwa huo: limetoka katika Kimakonde, na linaelezea mtu aliyejikunja kwa maumivu, kwa sababu mlipuko wa kwanza kuandikwa na wataalamu ulitokea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Waliolitoa jina hilo waliona walichokiona. Kwa wagonjwa wengi maumivu huisha baada ya wiki kadhaa, lakini kwa baadhi yao viungo huendelea kuuma kwa miezi au hata miaka.

Kwako wewe, bibi, swali langu la kwanza ni kama vifundo hivyo vinavimba. Tazama mikono yako mara tu unapoamka: ikiwa vidole vimejaa hata pete haivuki, na ukakamavu unadumu zaidi ya saa moja, huo ni uvimbe wa viungo, na unahitaji daktari wa baridi yabisi na dawa zake. Ikiwa hakuna uvimbe, nayo maumivu yamehama kutoka vifundoni na kuenea kwenye nyama za mwili, huenda fibromayaljia imeingia kupitia mlango uliofunguliwa na chikungunya, kwani inajulikana kuanza baada ya maambukizi, ajali au msiba mzito. Yote mawili yanaweza pia kuwa ndani ya mtu mmoja, na kwa vigezo vya sasa, kuwa na ugonjwa mwingine hakuzuii mtu kuwa na fibromayaljia.

Mke wangu analalamika maumivu kila siku, na daktari mmoja alituambia kwamba ni mawazo tu. Nami nimeanza kuamini, kwani akiwa na dada zake anacheka na haonekani mgonjwa.

Bwana, hata mwenye jino bovu hucheka. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani waliwabonyeza ukucha wa kidole gumba watu wenye fibromayaljia na watu wazima wa afya, huku wakipiga picha za ubongo unavyofanya kazi. Mkandamizo mdogo ambao kwa watu wa afya haukuwa lolote uliziamsha sehemu za maumivu katika ubongo wa wagonjwa. Kwa maneno mengine, mfumo wa fahamu umepandishwa sauti, na kinachopaswa kuwa mguso hufika kikiwa kipigo. Msongo wa mawazo huongeza maumivu hayo, kama unavyoongeza shinikizo la damu, lakini hatusemi kwamba shinikizo la damu ni la kujifanya. Mwamini kwanza, kisha nenda naye hospitali, na ukiwa ndani mwache ajieleze mwenyewe.

Mimi ni mama lishe, Dar es Salaam, nina presha. Kila wiki nachomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa, napata nafuu siku moja. Jirani ameniletea unga wa mitishamba ambao kweli unanisaidia. Kliniki nimeandikiwa amitriptilini, ila muuza dawa amesema hiyo ni ya wagonjwa wa akili.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Diklofenaki hutuliza maumivu yanayotokana na uvimbe, na fibromayaljia haina uvimbe, ndiyo maana nafuu yako haifiki keshokutwa. Sindano hiyo haikukusudiwa kutumiwa zaidi ya siku mbili mfululizo, na kuirudia kila wiki kwa mtu mwenye presha ni kuhatarisha figo, tumbo na moyo. Unga nao unanitia hofu zaidi. Dawa isiyo na jina inayoondoa maumivu ya aina zote kwa siku moja mara nyingi huwa imechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na ishara zake ni uso kuvimba na kuwa wa mviringo, sukari kupanda na presha kukataa kushuka. Kama umeutumia kwa wiki nyingi, usiuache ghafla. Uchukue ulivyo, na pakiti yake, umwonyeshe daktari.

Kuhusu amitriptilini, muuza dawa amesema nusu ya ukweli. Kwa sonona hutolewa miligramu 75 na zaidi, lakini kwa maumivu haya huanzia miligramu 10 hadi 25, mara moja jioni, ili kuurudisha usingizi mzito na kupunguza kelele za mishipa ya fahamu. Itakukausha mdomo, na siku za mwanzo utaamka na uzito wa kichwa, kwa hiyo imeze saa mbili au tatu kabla ya kulala, hasa wewe unayewasha jiko alfajiri. Mwambie daktari iwapo una tatizo la mapigo ya moyo au presha ya macho.

Nina miaka 67, naishi Bukoba. Kwa wiki tano mabega na nyonga vimekaza ghafla, asubuhi siwezi kuvaa shati bila msaada. Nimepungua uzito. Mjukuu anasema ni fibromayaljia.

Shikamoo mzee. Mjukuu ana nia njema, lakini maumivu yanayoanza ghafla baada ya miaka 50, yenye kupunguza uzito, hatuyaiti fibromayaljia mpaka mengine yote yaondolewe, yakiwemo polimayaljia ya wazee, yaani uvimbe wa ndani unaokaza mabega na nyonga na unaotibika vizuri kwa dawa, saratani ya uboho na saratani ya tezi dume. Nenda hospitali ya rufaa wiki hii. Ukipata maumivu mapya ya kichwa, taya kuuma unapotafuna au jicho kupoteza nuru, nenda siku hiyo hiyo.

Nimeshathibitishwa kuwa nina fibromayaljia. Daktari ameniambia nifanye mazoezi, lakini nikifua nguo siku moja, nalala siku mbili. Ananitaka nife?

Hapana, dada, ila alipaswa kukwambia kwa kipimo gani. Katika mapendekezo ya madaktari wa baridi yabisi wa Ulaya yaliyotolewa mwaka 2016, mazoezi ndiyo tiba pekee iliyopendekezwa kwa nguvu, mbele ya dawa zote. Kosa ni kuanza na kiwango cha mtu mzima wa afya. Tafuta kwanza kiasi unachokiweza hata katika siku mbaya, tuseme kutembea dakika 5 hadi kwenye duka la jirani na kurudi, ukifanye siku tano kwa wiki, na uongeze dakika moja au mbili tu baada ya wiki kupita. Nguo nazo zigawe: zinazovaliwa kazini leo, mashuka keshokutwa, na mablanketi yasubiri mtu mwenye mikono mizima. Maumivu yakizidi kidogo jioni na kupungua kesho yake, uko sawa. Yakiendelea hadi siku ya tatu, rudi kwenye dakika za wiki iliyopita na ukae hapo kwa wiki nyingine mbili kabla ya kuongeza tena.