Jua Halizami, Watoto Hawalali: Maswali Yenu ya Majira ya Joto

SWALI: Niko ughaibuni, nakaa nyumbani na watoto wa miaka 4 na 8. Kabla shule hazijafungwa niliandika malengo saba, la kwanza likiwa kutoka A2 (kiwango cha msingi) hadi B1 (kiwango cha kati) katika lugha ya huku. Zimebaki wiki sita na sijagusa hata moja. Watoto wanalala saa 4 usiku, nami napitiwa na usingizi papo hapo pembeni yao. Nianzie wapi?
Mama wa Wawili

JIBU: Anzia kwenye dirisha la chumba cha watoto. Kadiri unavyokaa mbali na ikweta ndivyo jioni za majira ya joto zinavyorefuka, na mwanga huo unauchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Mtoto hajakukaidi, ni mwili wake unaoamini bado mchana. Tafuta pazia zito la giza linalozidi fremu ya dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na fimbo yake uifunge juu ya fremu, kwa sababu mwanga unaosumbua hupenya juu na pembeni zaidi kuliko katikati ya kitambaa. Kuna wanaobandika foili au karatasi nyeusi kwenye kioo chenyewe. Kama kioo ni cha tabaka mbili, acha. Jua likikipiga, katikati hupata moto huku kingo zikibaki baridi, na kinaweza kupasuka.

Baada ya hapo ishike saa ya kuamka, ya kulala itafuata. Mtoto wa miaka 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na wa mchana. Wa miaka 8 anahitaji saa 9 hadi 12. Waamshe saa 1 na nusu asubuhi, hata aliyechelewa kulala jana, fungua mapazia, na watoke nje mapema wapate mwanga wa asubuhi. Kila baada ya siku mbili au tatu, vuta saa ya kulala nyuma kwa dakika 15. Kutoka saa 4 hadi saa 2 na nusu usiku ni hatua sita, yaani wiki mbili na ushei. Wengi wanaharibu hapa: wanawaacha watoto walale hadi saa 4 asubuhi ili wao wapate kupumua. Muda huo utaupata asubuhi na kuulipa usiku, pamoja na riba.

Sasa hayo malengo saba. Sita yaweke kando hadi shule zifunguliwe, na hilo la lugha tulipigie hesabu. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita: vipindi 30, saa 15. Makadirio ya kawaida ya kutoka A2 hadi B1 ni saa 150 hadi 200 za mafunzo. Kwa hiyo uvivu hauhusiki kabisa hapa, lengo lenyewe lilikuwa kubwa mara kumi au zaidi kuliko muda uliopo.

Saa 15 zinatosha kumudu mazungumzo matatu unayoyaogopa: kumpigia daktari simu, kuongea na mwalimu wa mtoto, kulalamikia bili. Kila moja lipe vipindi kumi. Viwili vya kukusanya maneno, vitatu vya kuandika mazungumzo yote, swali na jibu. Vitatu vingine ni vya kuyasema kwa sauti huku simu ikikurekodi, kisha ujisikilize (hakuna anayependa, fanya tu). Viwili vya mwisho ni kupiga simu au kwenda kwenyewe. Ukiruka kurekodi, utajua kusoma ulichoandika na utakwama mtu akikujibu kwa kasi.

Dakika 30 zenyewe zitoke kwenye saa ya kimya baada ya chakula cha mchana. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila baada ya siku mbili tatu hadi ufike 40. Wa miaka 4 awe na kikapu cha vitu vya kuchezea kinachotoka saa hiyo tu, na saa ya mchanga anayoiona, kwani neno "bado kidogo" kwake halina maana. Usimwache mbali, kaa mahali unapomsikia. Na vyombo vikae kwenye sinki. Ukianza navyo, saa ya kimya imekwisha kabla hujafungua daftari.

SWALI: Ni baba ninayelea nyumbani. Binti yangu wa miaka 6 ananielewa nikisema Kiswahili lakini anajibu kwa lugha ya shule. Likizo hii inaweza kusaidia?
Baba Mlezi

JIBU: Inaweza sana, maana kwa sasa shule haimchukui kutwa nzima. Usimwambie "sema vizuri" wala usijifanye husikii, atajifunza kunyamaza. Akikujibu kwa lugha nyingine, rudia alichosema kwa Kiswahili na uongeze kipande kinachodai jibu. Upatanisho wa ngeli unafundishika vivyo hivyo. Akisema "kiti yangu imevunjika", mwulize, "Kiti chako kimevunjika? Kimevunjika wapi, mguuni au mgongoni?" Amesikia "ki" mara tatu bila somo. Chagua pia kazi moja ya kila siku, kama kupika au kukunja nguo, iwe ya Kiswahili tupu. Maneno yaliyoshikana na kazi ya mikono hayasahauliki upesi.

SWALI: Mwenzangu akitoka kazini anasema mimi nimeshinda nyumbani, kwa hiyo nimepumzika. Nikimwomba anisaidie, tunagombana.
Nimechoka

JIBU: Kwa siku tatu andika ulichokuwa ukifanya kila nusu saa, neno moja moja tu, kisha mwonyeshe karatasi bila hotuba. Neno "nisaidie" liache, kwa sababu linaifanya kazi yote iwe yako na yeye mgeni mwema. Omba zamu yenye siku na saa: Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, watoto ni wake. Wewe toka nje ya nyumba. Ukibaki chumbani watakugongea mlango ndani ya dakika tano, na yeye atawaelekeza kwako. Makabidhiano yawe ya dakika mbili: nani amekula, nani ana dawa, funguo ziko wapi. Akiwavisha soksi zisizofanana, usirudi kuzibadilisha.