Anafukuzwa kila akiingia mchezoni

Pole, mama. Umesema mwanao wa miaka 8 anavamia mchezo, anadaka mpira, anabadilisha sheria, na akifungwa analia, ndiyo maana wenzake wanamfukuza. Kumwambia "nenda ukacheze na wenzako" hakumsaidii, kwa sababu kuingia ndiko kunakomshinda.

Basi anza na hilo tu. Asimame pembeni, atazame nani yuko timu ipi na wanafuata sheria gani. Aseme neno la mchezo ule ule, "Pasi nzuri!" Mpira ukitoka nje, aombe: "Niingie upande wenye wachache?" Wakikataa, aondoke bila kununa. Igizeni nyumbani, wewe uwe yule mtoto anayevamia mchezo (mwanangu aliniambia naigiza vibaya, akanionyesha mwenyewe inavyotakiwa, na hapo ndipo alipojifunza). PEERS, programu ya stadi za kijamii ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), Marekani, nayo inawafundisha vijana kutazama na kusikiliza kwanza kabla ya kujiunga, na wazazi wanafundishwa sambamba nao.

Kuhusu kulia, chezeni karata raundi fupi fupi na usimwachie ashinde kila mara.

Halafu mwalike mtoto mmoja, si watano. Saa moja inatosha, wawe na kazi ya mikono kama kutengeneza kishada, na waachane bado wana hamu.

Mwulize mwalimu anakaa na nani darasani. Na mpime masikio. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi.