Mwanamke si wa kuokolewa tu

Hapana yaya, si kweli kwamba katika filamu za msisimko mwanamke ni wa kulia na kuokolewa tu. Anza na ya kwetu, Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga (2010), iliyopigwa Kinshasa. Nimeirudia mara nyingi hapa Lubumbashi kwa ajili ya yule kamanda wa kike, anayechezwa na Marlene Longange: anatafuta, anaogopa, anaamua mwenyewe. Marekani nako, Jodie Foster alipata Oscar kwa kucheza mwanafunzi wa upelelezi wa FBI katika The Silence of the Lambs (1991). Ila Nora, mwanamke mwingine katika Viva Riva! hiyohiyo, kamera inamtazama kwa macho ya wanaume wanaomgombania, na hilo linaniuma.