Seva inazidiwa kila saa 9 usiku, nianzie wapi?

Swali: Mkuu habari, nipo Kigoma mjini, nina saiti ya WordPress ya kupokea oda za dagaa na migebuka, ipo kwenye VPS (kipande cha seva ya kukodi) ya kore 2 na ram GB 2. Sasa kila ikifika saa 9 usiku CPU (prosesa) inapiga asilimia 100, saiti inazima kabisa, asubuhi narestati VPS nzima inakaa sawa. Nimevamiwa au niongeze ram?

Jibu: Salama kaka. Ram usiinunue bado, na kuvamiwa sidhani, kitu kinachotokea saa ile ile kila siku mara nyingi ni kazi iliyopangiwa muda. Seva nyingi za kukodi zinakuja zimewekwa saa za UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko mbele masaa 3, kwahiyo saa 9 yako ya usiku kule kwenye seva ni 00:00 na ndo muda ambao kazi za kroni (zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba) zilizoandikwa @daily, yaani kila siku, zinaamka zote kwa pamoja. Piga timedatectl uhakikishe saa, halafu uone ratiba za kazi hizo kwa crontab -l kwa root (yuza mkuu) na kwa yuza wako, chungulia na folda ya /etc/cron.d, na systemctl list-timers. Mi nahisi utakuta bakapu. Angalia pia kama hiyo bakapu inahifadhiwa ndani ya wp-content (folda ya mafaili ya saiti yako), maana hapo ya leo inabeba na ya jana na juzi, kila siku inanenepa mpaka inaikaba seva, hii ipo sana aisee.

Ila bakapu ingeisha yenyewe na saiti ingerudi. Ikibaki imekufa mpaka asubuhi ujue pengine ram iliisha kernel (kiini cha Linux) ikaiua MySQL (databesi ya saiti), na ushahidi wake uko kwenye dmesg (kumbukumbu za kernel) ambayo wewe ukirestati inafutika! Kabla ya kurestati piga dmesg -T | grep -i "out of memory", ukiona mysqld ndo hiyo, iwashe MySQL peke yake inatosha.

Siku ukiwahi kuamka CPU ikiwa imepanda fungua top (amri ya kuona nini kinakula seva), usiishie kwenye ile asilimia ya jumla. us (kazi za programu) ikiwa juu na php zimejazana basi kuna maombi mengi, nenda access log (orodha ya waliotembelea saiti) uone IP (anwani ya mtandao) gani inagonga wp-login.php au xmlrpc.php, milango ya kuingilia WordPress. wa (kusubiri diski) ikiwa juu ni diski, bakapu au swap (diski inayotumika kama ram). st (muda wa CPU unaoporwa) ikiwa juu ni majirani kwenye mashine ya mwenye VPS, hapo msumbue yeye. Kama usingizi mtamu weka sysstat uiwashe, inarekodi kila dakika 10, asubuhi unasoma sar -q (mzigo) na sar -r (ram).

Bakapu iache saa hiyo hiyo, wateja wamelala, we itoe tu folda ya bakapu za zamani kwenye kinachobebwa, ianzishe na nice na ionice (amri za kuipa kipaumbele kidogo), na pm.max_children ya PHP (idadi ya php zinazofanya kazi kwa pamoja) ishushe ilingane na hizo GB 2. Ikizingua tena nitumie picha ya top na hiyo crontab.