Kwa Mnaoanza Mbio za Baiskeli: Yaliyomo Katika Madaftari Yangu Tisa

Nina madaftari tisa. La kwanza limeloa mafuta ya mnyororo kiasi kwamba kurasa za mwezi Juni zimeshikamana na hazifunguki tena. La tisa nililinunua Januari mwaka huu pale Kisesa, na sitarajii kulijaza. Baada ya miaka kumi na saba ya mbio za baiskeli katika Kanda ya Ziwa na nje yake, msimu huu ukiisha nitaacha mashindano. Vijana watatu ninaofanya nao mazoezi wameniuliza nitawaachia nini, na jibu la kweli ni kwamba fremu yangu haiwafai kwa kimo, viatu vimechakaa, na kilichobaki ni hayo madaftari, ambamo kila siku nimeandika umbali, upepo, nilichokula, saa nilizolala, na fedha iliyoingia na kutoka. Ninawaandikia ninyi ambao ndiyo kwanza mnaanza, hasa mliotoka katika nyumba ambako baiskeli ni chombo cha kubebea maji, maziwa na magunia ya mkaa.

Kwetu Usukumani nguvu ya miguu haijawahi kuwa haba. Wazee wetu walinunua baiskeli kwa fedha ya pamba, na mtoto aliyekua akipeleka madumu ya maji kila asubuhi huingia kwenye mashindano akiwa na mapaja ambayo kijana wa mjini huyatafuta kwa miaka. Ndiyo maana mgeni wa mbio hizi huja akiamini kwamba atashinda kwa kukanyaga kuliko wenzake. Mimi niliamini hivyo kwa misimu minne. Daftari la pili linaonyesha matokeo yake: katika mashindano kumi na moja niliongoza mara tisa kabla ya nusu ya njia, na mara moja tu nilimaliza nikiwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Hesabu hiyo niliifanya usiku mmoja kwa kalamu nyekundu, peke yangu, na ilinibadilisha kuliko maneno ya mtu yeyote. Nguvu nilikuwa nazo, ila nilizimwaga mahali ambapo hapana anayelipa.

Mahali pa kwanza pa kuzimwaga ni kwenye upepo, na kwa sisi wa kando ya ziwa somo hili halina mbadala. Anayeendesha nyuma ya mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, huweza kuokoa karibu theluthi moja ya nguvu ambayo angeitumia akiwa peke yake. Hilo mtaambiwa na kila mtu. Ambalo hamtaambiwa ni kwamba barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma ina upepo wa namna mbili kwa siku moja. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa hutoka bara kuelekea ziwani. Jua likishapanda na ardhi kuwaka, ziwa nalo huanza kupuliza kuelekea bara, na kufikia adhuhuri bendera za vituo vya mafuta pale Nyanguge huwa zimenyooka kama ubao. Ukienda Magu mchana, ziwa liko kushoto kwako, na kivuli cha upepo, yaani mahali unapojikinga nao, kiko kulia kwa mwenzako, yaani upande wa katikati ya barabara, ambako mabasi hupita. Ukirudi, mambo hugeuka: upepo hutoka kulia, na kila mmoja hukimbilia kushoto kwa aliye mbele yake. Kundi hujipanga mshazari kutoka katikati ya lami hadi ukingoni, na lami ikiisha, nafasi nazo zimekwisha. Waliochelewa hubaki kwenye mstari mmoja pembeni, juu ya changarawe, kila mtu akipigana na upepo wake mwenyewe huku akidhani kwamba amejificha. Watu sita wenye akili wanaweza kulikata kundi la watu arobaini hapo kwa dakika tano, bila kilima chochote.

Kwa hiyo jifunzeni kusogea mbele kabla barabara haijageuka. Mimi nilikuwa na alama zangu: mti, kona, kibao cha shule. Kilomita mbili kabla ya alama nilipanda polepole kando ya kundi hadi nafasi ya tano au ya sita, nikakaa hapo kimya. Siku hizi nawapeleka vijana kwenye daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu Juni 2025 limetuondolea kungoja kivuko na miguu ikipoa kila tulipotaka kwenda Sengerema kufanya mazoezi. Ni takriban kilomita 3 juu ya maji, pasipo mti wala ukuta, na hakuna darasa la upepo lililo wazi kuliko hilo. Mwangalieni aliye mbele yenu, jinsi fulana yake inavyopepea: upande inakopepea ndiko kwenye nafasi yenu.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu kosa ni moja tu, nalo ni kusubiri njaa. Mwili hubeba akiba ya wanga inayotosha saa moja na nusu hadi mbili za mwendo mkali, na ikiisha hakuna ujasiri unaosaidia. Mimi iliniishia Lamadi mwaka wangu wa pili, nikazima kama koroboi iliyokaukiwa mafuta, nikaketi chini ya mwembe na kumwomba mama mmoja ndizi bila kuwa na senti mfukoni. Tangu hapo nimekula kila baada ya nusu saa, nitake nisitake, nikilenga gramu 60 za wanga kwa saa. Wengine hununua vijipakiti vitamu vya kutoka nje. Mimi hubeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nikivikata vipande vidogo na kuvilainisha kwa maji ya moto usiku ili visinikabe nikiwa kwenye mwendo. Mfuko wa nyuma wa kulia ni wa matobolwa, wa kushoto ni wa tyubu. Msivichanganye, kwa maana mkono huzoea.

Sasa chombo chenyewe. Vijana wengi hunijia wakiwa wamekopa ili wapate baiskeli nyepesi, na huwaambia kwamba hata kanuni za shirikisho la kimataifa haziruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8, na kwamba gramu mia mbili za fremu ni glasi moja ya maji. Fedha hiyo ipelekeni kwenye matairi mazuri, na muda wenu upelekeni kwenye tandiko. Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika, nilipanda basi kwenda kuyaona. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa za kilomita 267.5, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilisimama kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura, na watu wote walikuwa wakimtazama Tadej Pogačar, ambaye ndiye aliyeshinda. Mimi nilimtazama Mbelgiji Remco Evenepoel, ambaye tandiko lilimsumbua hadi akabadilisha baiskeli, akapoteza muda, kisha akafukuza na kumaliza wa pili. Mtu mwenye mafundi na gari nyuma yake alisumbuliwa na tandiko. Sisi ambao hatuna gari nyuma inatupasa kupima kimo chake kwa utepe wa fundi cherehani, kukiandika, na kuchora alama kwa msumari kwenye bomba ili, baiskeli ikifunguliwa na kupakiwa juu ya basi, tandiko lirudi palepale. Milimita tano zilinigharimu goti kwa miezi miwili.

Hilo linanileta kwenye mwili, ambao ndio ukurasa ninaouonea aibu. Oktoba moja, mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha katikati ya mashindano. Wazoefu walipunguza mwendo, kwa kuwa mvua ya kwanza huinua vumbi na mafuta yaliyokaa kwenye lami kiangazi kizima, na lami huwa kama ganda la ndizi. Mimi niliona ni nafasi ya kutoroka. Kwenye kona nililala chini kabla sijajua kwamba ninaanguka, na mtulinga wa kushoto ukavunjika kwa sauti niliyoisikia. Daktari alinipa wiki nane. Wiki ya tano nilikuwa barabarani, mkono mmoja kwenye usukani, kwa sababu kulikuwa na mashindano yenye zawadi ya ng'ombe. Sikupata hata mbuzi. Mfupa uliunga vibaya, bega limeshuka kidogo, na hadi leo nikikaa tandikoni kwa saa tatu shingo huanza kuuma. Mtu aliyekuja kunitembelea siku hizo alinipa vidonge vya tramadol, dawa kali ya kutuliza maumivu, akasema vitanitoa. Nilivitupa chooni kwa sababu ya woga wala si kwa sababu ya busara, lakini ninyi mjue kwamba dawa hiyo imekatazwa kwenye mbio za baiskeli tangu 2019, na tangu Januari 2024 imo katika orodha ya dawa zinazokatazwa mashindanoni kwa michezo yote. Zaidi ya kukatazwa, humzuia mtu kusikia maumivu katika kazi ambayo maumivu ndiyo breki.

Nikiyasoma madaftari upande wa fedha huwa nacheka kidogo. Miaka bora nililipwa na timu. Miaka mingi niliishi kwa zawadi, kwa kubeba mizigo, na kwa ufundi. Mwaka mmoja nilishinda mashindano, nikapigwa picha nikiwa nimeshika hundi ya karatasi ngumu, ndefu kuliko mkono wangu, na fedha yenyewe sijaiona hadi leo. Nilifuatilia ofisi ya waliodhamini mara saba, kila safari nikipoteza siku ya mazoezi, na mwisho niliambiwa kwamba aliyeahidi ameshahama. Hundi hiyo mke wangu aliitumia kuziba upepo wa dirisha la jikoni. Kabla hamjatia mguu kwenye pedali, ulizeni zawadi inalipwa siku gani, na nani, na kwa njia gani, na majibu yawe kwenye karatasi yenye sahihi. Watawaita wakorofi. Nimeitwa hivyo kwa miaka kumi na mashindano niliyozuiwa kwa sababu hiyo ni mawili, ambayo yote hayakuwalipa waliokimbia.

Ufundi ndio ulioniokoa, na laiti ningeuanza mapema. Mzee mmoja wa Igoma, ambaye alikuwa akiniita ng'wanawane, yaani mwanangu, hata nilipokuwa na watoto watatu, alinifundisha kunyoosha rimu kwa kusikiliza spoku: unaigonga kwa kucha, iliyolegea hutoa sauti nzito, unaikaza robo mzunguko, unagonga tena. Leo banda langu lina wateja wa kutosha, na nusu yao ni watu ambao hawajui kwamba niliwahi kukimbia.

Wengi wameniuliza kama nitaiuza baiskeli siku ya mwisho. Moyo uliozoea kazi ya saa tano kwa siku haupaswi kuachishwa ghafla, na mifupa yetu nayo ina deni, kwa sababu tandiko huubeba uzito wa mwili, na waendeshaji wengi huzeeka wakiwa na mifupa dhaifu kuliko wakimbiaji wa miguu. Kwa hiyo nimejiandikia mpango: kilomita 400 kwa wiki mwezi huu, 300 mwezi ujao, kisha 200, huku asubuhi mbili nikipanda kwa miguu vilima vya mawe nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani, jambo linalowafurahisha sana majirani. Jumamosi nitaendelea kutoka na kundi pale njia panda ya Kisesa saa kumi na mbili asubuhi. Nitakaa nyuma kabisa, na ambaye hatajipanga mshazari upepo ukigeuka nitamwita kwa jina.